Dokta Aonje Kwanza

Siku Athanase aliporudi na diploma yake, mama yake alitembea kutoka Kibabi hadi hospitali na kapu la maharagwe kichwani. Akasimama mlangoni, akamtazama mwanawe ndani ya koti jeupe, halafu akaketi chini kwenye simenti akalia. Hakuna aliyemkataza. Tangu waganga wazungu walipoondoka mwaka wa sitini, hospitali ile ndogo iliyo juu ya barabara ya kutoka Masisi kushuka Walikale haikuwa imeona munganga, yaani daktari, mwenye diploma. Miaka saba mizima. Kazi yote ilikuwa mikononi mwa Papa Grégoire, muuguzi mwenye mvi na miwani iliyofungwa kwa uzi. Alishona vidonda, alizalisha, alitoa meno, alizika hata wale wasio na ndugu.

Naye Athanase, tuseme ukweli, alikuja na kichwa kimevimba kidogo. Si kwa ubaya. Ukiwa mtoto wa mkulima wa maharagwe, ukapelekwa kwenye chuo kikuu cha Lovanium kule Kinshasa, ukakaa miaka yote ile na vitabu vinene, kisha siku moja ukainua mkono mbele ya watu na kula kiapo cha uganga, ungekuwa wewe ungevimba zaidi. Siku ile mwalimu wao mmoja mzee aliwaambia kwamba diploma haiwafanyi wakubwa, inawafanya wenye kujibu. Jambo likiharibika hospitalini, alisema, kila mtu atatazama huku na huku, nyinyi hamtakuwa na pa kutazama. Athanase aliyapenda maneno hayo. Aliyaandika hata kwenye barua kwa mama yake, ambaye hakujua kusoma.

Sasa, Papa Grégoire alikuwa na desturi yake ya Jumatatu. Jumatatu ilikuwa siku ya dawa ya minyoo, ile minyoo inayonyonya damu mpaka mtu anakuwa mweupe machoni na kuhema akipanda kilima kidogo tu. Watu walikuja asubuhi na njaa, wakameza vidonge vyao, na Papa Grégoire akafunga mlango wa kiwanja kwa kufuli. Hakuna kutoka mpaka kesho yake. Aliwapa uji mtupu wa mahindi, na aliyejaribu kuruka ukuta alikimbizwa kwa fimbo. Watu walilalamika, walimwita askari gereza, lakini walibaki.

Athanase aliiona desturi hiyo mara mbili. Mara ya tatu mvua ilinyesha kama ilivyo kawaida ya mwezi wa tatu huku kwetu, na watu arobaini walikuwa wamebanana chini ya kibanda kimoja, wazee kwa akina mama wenye watoto mgongoni.

"Papa Grégoire, hii iko hospitali ao gereza?"

"Dokta, wazungu walikuwa nafanya vile. Dawa hii, muntu anabaki mpaka kesho."

"Sababu gani?"

Papa Grégoire alivua miwani akaipangusa. "Sababu hawakuniambia. Waliniambia tu nifunge."

"Basi fungua," Athanase akasema. "Wazungu walishaenda."

Mlango ukafunguliwa saa sita mchana. Watu walimshukuru munganga wao kijana, wakateremka mlimani kila mtu na njia yake. Mmoja wao alikuwa Hakorimana, mfugaji wa Nyamitaba, ambaye aliuza maziwa njia nzima na kujulikana kila boma. Mtu wa miaka arobaini hivi, mcheshi, ila siku hizo minyoo ilikuwa imemla mpaka midomo imekuwa rangi ya majivu. Alimpa Athanase mkono akasema akipona atamletea ndama. Hiyo ilikuwa Jumatatu.

Jumatano asubuhi Athanase alikuwa anapima homa ya mama mmoja, Papa Grégoire akaingia bila kubisha, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Dokta, Hakorimana alikufa jana asubuhi. Na wamemufunga Mama Sidonie. Wanasema njo yeye alimupa sumu."

Mama Sidonie alikuwa mjane wa mashambani, mpika kasiksi, ile pombe ya ndizi, nyumba yake iko pale barabara inapogawanyika. Hakuna aliyekuwa mgeni wa pombe yake. Na kila mtu wa milima hii anajua adabu ya pombe: mwenye nyumba anaonja kwanza mbele ya macho yako, ndipo anakupa kibuyu. Asipoonja, anakuambia nini? Anakuambia kuna kitu ndani. Mtoto wa miaka mitano anajua hilo.

"Hakuonja," Papa Grégoire akasema. "Mwenyewe amekubali. Ati iko Kwaresima, aliweka nadhiri kwa Bwana Yesu hatagusa pombe mpaka Pasaka. Siku zote alikuwa anaomba mulevi mwingine amuonjee. Ile Jumatatu Hakorimana alikuwa peke yake, kiu imemushika, akasema leta tu mama, nakujua. Akakunywa vibuyu viwili. Akaanza kuzunguka kizunguzungu, akatapika, akaanguka. Ndugu zake wakamubeba mabegani kwa kipoyi cha miti mpaka nyumbani, bibi yake akamumiminia maziwa na siagi ya kutoa sumu. Wapi. Asubuhi akaenda."

Athanase aliendelea kushika kipimo cha homa, lakini hakukisoma. Kuna kitu kilikuwa kinamsumbua kichwani, kitu alichokiandika zamani kwa mkono wake mwenyewe. Akaenda chumbani kwake, akavuta sanduku la chuma chini ya kitanda, akatoa daftari la mwaka wa tano. Aliupata ukurasa bila kutafuta sana, maana alilijibu swali hilo hilo kwenye mtihani na kupata alama nzuri. Dawa ya minyoo ya aina ile. Mgonjwa dhaifu wa damu aongezwe nguvu kwanza. Abaki kitandani siku nzima chini ya macho ya muuguzi. Asiguse pombe hata tone. Asile mafuta wala maziwa, maana vinaisukuma dawa ndani ya damu. Mstari ulipigwa chini mara mbili, kwa wino mwekundu.

Alikaa kitandani.

Papa Grégoire alikuwa amemfuata, akasoma juu ya bega lake polepole, kidole kikifuata maneno ya Kifaransa. Alipomaliza alifunga mlango.

"Kumbe njo ile sababu," akasema. "Miaka kumi na tano nafunga ule mlango, sikujua."

"Nimemuua, Papa."

"Sema pole pole." Yule mzee akaketi karibu yake, na sauti yake ikawa ya baba. "Sikiliza, mutoto. Tulingoja munganga miaka saba. Nimeona wamama wanakufa mikononi mwangu sababu sijui kupasua. Wewe unajua. Ukienda kusema mbele ya watu kwamba dawa ya hospitali iliua, nani atapanda tena huu mulima? Watakufa wengi, si mumoja. Nyamaza. Shefu, mutawala wetu, iko muntu muzuri, labda atamufukuza Sidonie tu, aende kwa dada yake Walikale."

"Na wakimuua njiani?"

Wote wawili walijua. Vurugu za mwaka wa sitini na tatu na za baadaye zilikuwa bado hazijasahauliwa, watu wa ng'ombe na watu wa mashamba walikuwa ndiyo kwanza wameanza kununuliana tena maziwa na maharagwe. Hakorimana alikuwa wa ng'ombe. Sidonie wa mashamba. Nyumba moja ikichomwa, mlima mzima unaweza kufuata. Na Athanase mwenyewe alikuwa wa Kibabi, wa mashamba, na akisema neno la kumwokoa Sidonie wangesema anatetea wa kwao.

Akavua koti jeupe. Halafu akalivaa tena, akatoka. Papa Grégoire akamfuata akinung'unika.

Barza ya shefu, pale anapoamulia kesi, ilikuwa imejaa mpaka nje. Upande mmoja walikaa watu wa Nyamitaba na fimbo zao ndefu za kuchungia, mbele yao Rutayisire, kaka wa marehemu, mtu mrefu asiyesema ovyo. Karibu naye Béata, mjane wa marehemu, nguo imefungwa kichwani, mtoto wake wa kike amelala mapajani. Upande wa pili watu wa mashamba, nao hawakuja mikono mitupu, majembe yalikuwa yameegemezwa ukutani. Katikati, juu ya udongo, Mama Sidonie na mikono imefungwa kamba ya mgomba. Mbele ya shefu ulisimama mtungi wake, umefunikwa jani. Hakuna aliyeusogelea, hata polisi aliyeubeba alikuwa amenawa mara tatu.

"Munganga amekuja," shefu akasema, na ilionekana wazi mzigo umemshuka mabegani. "Mutu wa diploma. Dokta, tuambie. Kasiksi hii iko na sumu ao haina?"

Kila uso uligeuka. Athanase aliwahi kutazamwa na waalimu watano siku ya mtihani wa mwisho, lakini hakuwahi kutazamwa hivi. Aliona midomo ya Sidonie ikisali bila sauti.

"Haina," akasema.

"Umejuaje?" Rutayisire akauliza kwa utulivu. "Umeipima na nini? Ninaona huna hata chupa. Ninaona tu wewe iko wa Kibabi, na ule mwanamuke iko wa huko huko."

Watu wa Nyamitaba wakaguna. Mkono mmoja au miwili upande wa mashamba ukasogea karibu na majembe.

Hapo Athanase alifanya jambo ambalo hakulifundishwa Lovanium. Akapiga hatua tatu, akaondoa jani, akachota kibuyu kizima. Na niseme jinsi alivyoogopa, maana baadaye watu walimfanya shujaa na yeye hakupenda. Daftari lilisema dawa na pombe vinaweza kuua. Daftari halikusema Sidonie hakuweka kitu. Alikuwa na hakika, ndiyo, lakini hata Jumatatu, aliposema fungua mlango, alikuwa na hakika. Pombe kidogo ikamwagika kwenye koti. Akanywa mpaka chini. Akachota cha pili, maana Hakorimana alikunywa viwili.

"Sasa tungoje," akasema.

Wakangoja. Shefu alisema jua lipite kwanza juu ya paa la barza. Athanase aliketi kwenye kibao, jasho likimtoka, akihesabu mapigo ya mshipa wake kwa kidole bila watu kuona. Tumbo lilipounguruma aliona mwisho wake umefika, kumbe ni njaa, hakuwa amekula tangu jana. Mtoto wa Béata aliamka, akalia, akanyonyeshwa, akalala tena. Sidonie alimtazama yule kijana bila kupepesa. Jua lilipita juu ya paa. Athanase alikuwa amelewa kidogo, na mzima.

"Fungueni ule mama," shefu akasema.

Kamba ikakatwa. Sidonie hakusimama, miguu ilikataa, wanawake wawili wakamshika. Watu wa mashamba wakaanza kucheka kile kicheko cha mtu aliyeponea chupuchupu. Papa Grégoire alimvuta Athanase koti kwa nyuma. "Imetosha," akanong'ona. "Umemuokoa. Twende nyumbani."

Na Athanase, Mungu amsamehe, aligeuka. Alikuwa amekwisha kufika mlangoni. Angeenda zake, na leo tungekuwa na hadithi ya munganga jasiri na basi.

Lakini Rutayisire alikuwa hajaketi.

"Sawa," akasema. "Pombe haina sumu. Ndugu yangu alikuwa na miaka makumi ine, alitoka nyumbani anaimba. Muntu wa vile hafi bure. Kama si pombe, iko kitu kingine kilipita mudomoni mwake." Akageuka polepole. "Nani alimupa maziwa?"

Macho yote yakaenda mahali pamoja. Béata aliweka mikono kichwani. Wanawake waliokaa karibu naye, wa ukoo wa mumewe, wakasogea kando kidogo, kidogo tu, nafasi ya mtu mmoja ikabaki kila upande. Hakujitetea. Mwanamke aliyezika mume jana anajitetea na nini?

Papa Grégoire alishika kiwiko cha Athanase kwa nguvu. Athanase akauondoa mkono ule taratibu, kwa heshima, akarudi katikati.

"Mwacheni Mama Béata," akasema. "Mimi njo nilimuua Hakorimana."

Wengine walidhani ni pombe inasema. Shefu alimwambia aketi. Hakuketi. Akaeleza kwa Kiswahili cha nyumbani, bila neno hata moja la Kifaransa: kwamba dawa ile ya Jumatatu ni kali, haitaki pombe wala mafuta, kwamba mtu aliyeishiwa damu kama Hakorimana hakustahili kupewa siku ile, kwamba Papa Grégoire alikuwa anafunga mlango, na yeye ndiye aliamuru ufunguliwe, kwamba alimwachia mtu aende zake na njaa na kiu bila kumwambia neno. Alieleza mara mbili, ili waliosimama nje nao wasikie.

Fimbo ya Rutayisire ilikuwa imeinuka. Polisi wa shefu alisogea, halafu akasimama, hakujua amzuie nani.

Béata ndiye aliyesema kwanza. "Na maziwa? Maziwa niliyomupa, yalimusaidia ao yalimumaliza?"

Hilo ndilo swali Athanase aliloliogopa kuliko fimbo.

"Yalizidisha, Mama. Lakini wewe ulifanya kile muke anapaswa kufanya. Mimi njo nilipaswa kukuambia usimupe."

Béata aliinama juu ya mtoto wake, na kilio alichokuwa amekizuia tangu jana kikatoka.

Rutayisire alingoja kilio kipungue. "Ulikuwa umeshafika mulangoni," akamwambia Athanase. "Nilikuona. Hakuna hata mumoja angejua. Kwa nini umerudi?"

"Papa Grégoire hakuambiwa sababu ya kufunga mulango," Athanase akasema. "Mama Sidonie hakuambiwa. Mama Béata hakuambiwa. Ndugu yako hakuambiwa. Mimi niliambiwa."

Fimbo ilishuka, haikumgusa. Rutayisire aliitazama kana kwamba haikuwa yake. Akasema kwamba munganga asikanyage Nyamitaba, siku yoyote, kwa ugonjwa wowote, na akatoka, watu wake nyuma yake. Hakuna nyumba iliyochomwa siku ile. Athanase alirudi hospitalini kwa miguu, akaandika barua kwa mkubwa wake wa kazi kule Goma akieleza kila kitu, akatia sahihi jina lake lote.

Halafu ikatokea kama alivyosema Papa Grégoire. Watu hawakupanda. Jumatatu ya kwanza mlango ulikuwa wazi na kiwanja kitupu. Vitanda vilibaki vimetandikwa. Ya pili vilevile. Mama mmoja wa Lushebere alipita barabarani na mtoto anakohoa, Athanase akatoka kumwita, yule mama akaongeza mwendo. Jioni hiyo Papa Grégoire alikunja blanketi moja moja na kuzipanga kabatini, hakumsema, na kule kutosemwa kulimuuma Athanase kuliko matusi. Barua kutoka Goma haikuja. Mama yake alileta maharagwe, akayaacha mlangoni, akarudi Kibabi bila kungoja asante.

Wiki ya tatu, Ijumaa, kabla ya Pasaka, akina mama sita au saba tu walikuwa wamekaa kibarazani, wale wasio na namna nyingine, kila mmoja akimngoja mwenzake atangulie kuingia. Béata akatokea njiani. Alikuwa ametembea kutoka Nyamitaba, mtoto mgongoni anaungua homa, anapumua kwa shida. Hakusalimia mtu. Alipita katikati yao, akaingia, akaketi.

Athanase alimsikiliza mtoto kifua kwa muda mrefu. Alifanya kila kitu polepole, na kila kitu alikitaja kwa sauti: ugonjwa uko wapi, dawa ni ipi, inafanya nini, mtoto ale nini, asile nini, na kwa nini. Papa Grégoire alisimama karibu akisikiliza naye. Athanase akamimina dawa ya maji kwenye kijiko, akakipeleka mdomoni mwa mtoto.

Béata akaushika mkono wake.

"Onja," akasema.

Kibarazani waligeuza shingo kutazama. Athanase alimtazama yule mama usoni, kisha akakipeleka kijiko mdomoni mwake mwenyewe. Dawa ilikuwa chungu. Akafungua kinywa ili Béata aone kwamba imeteremka. Béata alingoja kidogo, kisha akakichukua kijiko, akakisafisha kwa upindo wa nguo yake, akamrudishia.

"Sasa mupatie," akasema.

Mtoto akameza, akakunja uso. Huko nje mama aliyekaa karibu na mlango alisimama, akaingia, akaketi mbele ya munganga, naye akamngoja aonje.